Mwosha maiti anayebisha hodi kwa walio hai

Saa mbili asubuhi, kijijini Gazi, Bi Twaiba anatoka kwake na mkoba wa buluu begani. Jirani anayefagia uani anautazama kwanza huo mkoba kabla ya kumtazama mwenyewe usoni, na akishaona ni wa buluu, anapumua na kumwamkia. Angemwona na kile kikapu cha ukili, angeutupa ufagio na kuuliza nani ametutoka.

Ndani ya kikapu mna sabuni, pamba na kafuri, yaani karafuu maiti. Bi Twaiba, mwenye umri wa miaka 62, ndiye mwosha maiti wa wanawake hapa. Ndani ya mkoba mna barakoa, kitambulisho cha mhudumu wa afya wa kijiji na chupa ya maji ya kunywa. Kazi zote mbili ni zake, na wanakijiji wamejifunza kuzitofautisha kwa macho.

“Zamani nilikuwa na kikapu kimoja cha yote,” anasema huku akikaza buibui. “Nikibisha hodi kumwita mtu akapimwe, nasikia kilio kimeshaanza huko ndani. Ikabidi ninunue mkoba.”

Anacheka kidogo, lakini leo kicheko hakikai. Anakwenda kwa Hadiya, mpishi wa miaka 39 anayewapikia wageni wanaokuja kutembezwa kwenye mikoko. Hadiya, aliyeridhia jina lake litajwe, ametokwa na damu nje ya siku zake tangu Ramadhani, na huu ni Mfungo Tatu, mwezi wa tatu baada yake. Tangu mwaka jana, mara mbili ameahidi kwenda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, na mara mbili amepiga chenga.

Muuguzi Mercy, aliyekuja Kwale kutoka bara, anapima leo katika kituo cha afya mpaka saa saba mchana. Akiondoka, harudi mpaka ipite miezi mitatu.

“Miezi mitatu mingine siiwezi,” anasema Bi Twaiba. “Naogopa, sikufichi.”

Mambo hayakuwa hivi. Kabla ya korona, chumba cha upimaji kilikuwa kikifunguliwa kila Jumanne. Mwaka 2020 ugonjwa ulipoingia, chumba kikageuzwa cha kuwatenga walioshukiwa, na muuguzi wake akapelekwa kwingine. Arusi na hitima, ambako Bi Twaiba alikuwa akiwapata wanawake wengi kwa pamoja na kuwapasha habari za saratani, zikapigwa marufuku. Marufuku ilipoondolewa, chumba kilikuwa kimejaa magodoro, na kilikaa hivyo kwa muda mrefu.

Hata kilipofunguliwa tena, wanawake hawakurudi. Kulikuwa kumeenea maneno kwamba anayefia hospitali huzikwa na watu waliovaa mavazi meupe ya plastiki, bila kuoshwa wala kukafiniwa kwa sanda.

“Kufa watu walikuwa wamekukubali,” anasema. “Kuzikwa hujaoshwa, hilo ndilo lililowashinda. Mtu akaona bora augue ndani kwake, nije nimwoshe mimi.”

Muhsina, dada mkubwa wa Hadiya, alikuwa mmoja wao. Zamu yake ya kupimwa iliangukia wiki ile ile chumba kilipofungwa. Akabaki nyumbani. Mwaka uliofuata akafa, na majirani wakanong'ona kwamba ni korona, ingawa hakuna aliyempima.

Kwa desturi huingia waoshaji watatu au wanne, na ndugu wa marehemu humimina maji. Siku hiyo, kwa hofu ya maambukizi, Hadiya alizuiwa nje. Bi Twaiba aliingia na mwenzake mmoja, ambaye naye sasa ni marehemu. Kwa hiyo kilichoonekana kwenye mwili wa Muhsina anakijua mtu mmoja tu aliye hai, na huyo hasemi. Alichokiona mwosha maiti ni amana. Hakitoki hata kwa mume wala mtoto. Mwandishi wa makala haya aliuliza mara moja, akatazamwa mpaka akaona haya.

“Hodi.”

“Karibu. Shikamoo, Bi Twaiba.”

“Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?”

“Salama, alhamdulillahi.”

Hadiya ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi. Jicho lake linakwenda kwenye mkoba, kisha linarudi kwenye sinia la nazi.

“Leo nina wageni kumi na wawili, na wali sijauinjika. Nitakwenda hiyo safari nyingine.”

“Safari nyingine ni miezi mitatu, Hadiya.”

“Mungu akipenda nitakuwa nimepoa. Hii ni damu ya umri tu.”

Bi Twaiba anavua viatu na kukaa mkekani. Nje, tuktuk inashusha watu na kugeuza. Hadiya anaendelea kukuna, kwa kasi isiyohitajika, mpaka nazi inaisha na anabaki anakwangua kifuu. Hatimaye anaacha.

“Dada yangu ulimwosha wewe,” anasema kwa sauti ya chini. “Niambie ulichokiona. Ukiniambia ni haya haya yangu, nainuka sasa hivi. Ukiniambia siyo, niachie wali wangu.”

Neno moja tu lingetosha. Mercy yuko kituoni, saa zinakwenda, na mwanamke anayetokwa na damu ameshataja mwenyewe neno litakalomwinua. Mikono ya Bi Twaiba imeshikana mapajani mpaka vidole vimebadilika rangi.

“Niliyoyaona nimeyazika pamoja naye,” anasema. “Hata wewe sikupi. Ingekuwa ni wewe mle ndani, ungependa nikuseme?”

Hadiya anatikisa kichwa. Machozi yanamtoka.

“La Muhsina siwezi. La kwangu naweza kukwambia. Mimi ni mtu mzima, mwanangu, na kile kikapu sina wa kumwachia. Siku zote nimekuwa nikisema moyoni, Hadiya ana mkono mwepesi, Hadiya ndiye atakayeniosha. Sijapata kukwambia. Sasa usinigeuzie mambo, ukanifanya nikuoshe wewe. Hilo sitaliweza.”

Hadiya anajifuta uso kwa ncha ya leso. Anafunika nazi, anamwita jirani aje aangalie jiko, kisha anachukua buibui ukutani.

Kituoni, benchi lina wanawake saba tu. “Naambiwa kabla ya korona walikuwa wanajaa mpaka nje,” anasema Mercy. “Sasa tuko na hawa, na karibu wote ni wa Mama Twaiba.” Kazi hiyo ya mkoba Bi Twaiba aliifanya miaka tisa bila malipo; siku hizi hupata posho inayotosha unga na nauli, basi.

Hadiya anaingia. Wengine walichukua dakika chache, yeye anakawia. Bi Twaiba anavuta tasbihi, anapoteza hesabu, anaanza upya. Hadiya anapotoka, buibui limekaa upande, na Mercy yuko nyuma yake. Kwa ruhusa ya Hadiya, anaeleza mbele yao wote wawili.

“Nimepaka siki kwenye mlango wa kizazi, kuna mahali pamegeuka peupe. Si padogo. Hapa niko na kifaa cha kuchoma, lakini sitaki kuchoma kitu sijakijua. Alhamisi mwende hospitali ya Msambweni, watoe kinyama kidogo kikapimwe. Mimi naona kama bado tuko mapema, lakini siwezi kuapa.”

“Alhamisi nakwenda naye,” anasema Bi Twaiba kabla hajaulizwa.

Mpango wake mwingine ni kupata wanawake wawili vijana kuliko yeye wa kuwafundisha kazi zote mbili, ya kikapu na ya mkoba, ili akichoka, wa kubisha hodi wawepo. Mmoja anatumaini atakuwa Hadiya; wa pili bado anamtafuta.

Wanarudi kwa miguu, polepole, jua likiwa kali. Wanakaribia nyumbani, harufu ya wali wa nazi ikiwafikia, Hadiya anapouliza swali lake la kwanza tangu watoke kituoni.

“Bi Twaiba, kafuri hutiwa kwenye maji ya kwanza au ya mwisho?”

“Ya mwisho,” anajibu, na anageuza uso upande wa mikoko. “Nitakufundisha, mwanangu. Taratibu. Mimi mwenyewe sina haraka.”