Pezi la Ubao Mwekundu

Mtaani walimwita Bila-Msumari, kwa kuwa alijigamba kwamba milango yake hushikwa na ndimi za mbao tu, na msumari ni wa fundi asiyejiamini. Na kweli milango yake ilikuwa haina mfano. Tatizo, jamani, mtu akisifiwa sana masikio huziba.

Binti yake wa mwisho hakuwa na habari na milango. Yeye alikuwa wa baharini, kusimama juu ya ubao na kuteleza na wimbi mpaka mchangani. Wiki ya kuchaguliwa timu, pezi la plastiki chini ya ubao wake, lile linalouzuia usiserereke, likakatika, na dukani yalikuwa yamekwisha mpaka mzigo wa wiki iliyofuata. Akaenda karakanani kwa baba yake.

"Baba, nitengenezee la mbao. Ila usichonge ubao mmoja. Gundisha vipande vyembamba, nyuzi za kimoja zisimame, za kingine zilale. Wenzangu wanafanya hivyo."

"Yaani plaiwudi?" Baba akacheka mpaka akakohoa. "Ala! Leo mtoto ananifunza mbao! Plaiwudi ni ya makabati ya watu wenye haraka. Niachie mimi."

Alikuwa na kipande cha ubao mwekundu alichokitunza kama mboni ya jicho. Akakichonga nyuzi zikiwa zimelala, kutoka mbele ya pezi hadi nyuma, maana hivyo ndivyo michirizi yake ilivyopendeza. Lakini pezi hushikwa kwenye shina tu, na wimbi hulipiga ubavuni. Nyuzi zikilala, hupasukia pale pale shinani. Hakulijua hilo? Alilijua! Fundi gani asiyejua kwamba ubao hupasuka kwa kufuata nyuzi? Alitaka lipendeze, basi.

Siku ya siku alisimama ufukweni akimwambia kila aliyemkaribia, "Lile pezi ni mkono wangu." Wimbi la kwanza binti akalipanda vizuri. La pili, alipokata kona, ubao ukamponyoka miguuni kama sabuni. Akatoka majini na ubao kwapani, chini yake kimebaki kisiki chekundu. Majina ya timu yakasomwa, lake halimo.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tumeambiwa tangu utotoni. Na mkuu asiyesikia la mdogo je? Huyo guu lake hubaki zima, anavunjika mwenziwe.

"Si kitu, baba," binti alisema. "Ni bahati tu."

Bahati! Laiti angemfokea, angelala usingizi. Nyumbani mkewe alimuuliza jambo moja tu: "Mtoto alikwambia ugundishe?"

"Aliniambia."

"Haya." Mama akaendelea kukunja nguo.

Ndipo akatengeneza la pili, kama alivyoelekezwa. Vipande vyembamba, nyuzi zikipishana, gundi kila upande, vikabanwa kwenye jiriwa mpaka vikashikana kitu kimoja. Akalichonga kwa tupa, akalipiga msasa, kisha akalibana tena na kuliegemea kwa uzito wake wote. Halikulia hata kidogo. Moyo ulimuuma kuona ilivyokuwa kazi rahisi.

Asubuhi akamkuta binti mlangoni anajiandaa kwenda baharini. Akampa.

"Nisamehe, mwanangu. Ulisema, nikajifanya najua."

"Yamekwisha, baba." Binti akaligeuza geuza, akapitisha kidole kwenye ukingo. "Zuri sana. Ahsante." Akalifunga kwenye taulo, taratibu, akalitia mkobani.

Baba akatazama ubao ulioegemezwa ukutani. Chini yake palikuwa na pezi jipya la plastiki, limekazwa tayari.

"Mbona hulifungi?"

Binti akamshika baba yake mkono, kwa heshima zote, kama mtu anayemvusha barabara.

"Nitalifunga siku nyingine, baba. Leo mawimbi ni makubwa."