Spika ya mbao niliyojenga Eldoret ili nimsikie Wambui

Wakuu, poleni na kazi.

Leo asubuhi nimesoma hapa vijana wakibishana juu ya spika za studio, ya nani ina bass, ya nani ni takataka. Nikaona hata mimi nina yangu ya kusema.

Nimepita miaka tisini na naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo mnivumilie. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Pale nimesahau nitasema nimesahau. Sitajaza pengo na uongo.

Nilitoka Bunyore nikiwa kijana, miaka ya hamsini ikianza, nikaja kutafuta kazi Sisibo. Ndivyo tulivyoita Eldoret, kwa sababu mji ulianzia kwenye shamba namba sixty-four. Nilikuwa seremala. Vitanda, milango, madawati ya shule, na majeneza pia.

Karakana yetu ilipakana na duka la kutengeneza redio. Mwenyewe alikuwa Mhindi wa kilemba, Singasinga mmoja, Mzee Pritam, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Store yake ya nyuma aliigeuza chumba cha kurekodi. Kuta zote alitundika magunia yaliyojaa sufu ya kondoo ili sauti isirudi. Kwaya na wapiga gitaa walikuja pale, anawanasa kwenye tape, halafu tape inapelekwa Nairobi kutengenezwa santuri.

Shida ilikuwa moja. Alisikiliza kazi yake kwa spika ndogo iliyotoka kwa redio mbovu. Ndani ya kile chumba kila kitu kilikuwa kitamu. Santuri zikirudi, mwimbaji amekuwa mbu, ama ngoma imemmeza kabisa.

Siku moja akaniita.

"Fundi, hii spika nadanganya mimi," akasema. "Mimi nataka moja nasema kweli, hata kama kweli ni baya."

Nyinyi mnaita hiyo monitor. Sisi hatukuwa na jina lake.

Alikuwa na driver moja nzito, yaani kile kifaa chenyewe kinachotoa sauti, ya vipaza sauti vya jeshi, imebaki baada ya vita. Driver kama hiyo peke yake hulia kama bati. Lazima uifungie horn, yaani mdomo wa mbao unaoanza mwembamba kooni halafu unapanuka kama tarumbeta. Lakini haupanuki ovyo. Alinichorea kwenye karatasi: kila ukienda mbele kipande fulani, uwazi uwe mara mbili ya ule wa nyuma. Ukikosea kidogo, sauti inagonga mahali na kurudi kooni.

Nilikuwa sijawahi kutengeneza kitu ambacho hakina hata upande mmoja ulionyooka.

Sasa Wambui.

Baba yake alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu nje ya mji, mahali panaitwa Ziwa. Wambui mwenyewe aliimba kwaya ya kanisa, na kwaya ilipokuja kurekodi, Mzee Pritam alimsikia akamwomba awe anakuja kila Jumamosi, asimame mbele ya mic aimbe chochote, ili yeye ajaribu mashine zake. Alikuja karibu mwaka mzima.

Akimaliza, alipitia karakana. Alikuwa na mazoea ya kushika mbao na kuinusa kabla ya kuuliza chochote.

"Fundi, hii ni nini?"

"Mbao ya podo."

"Na hilo jeneza lako la kona kona litaisha lini?"

"Si jeneza. Ni spika."

"Basi harakisha, nisikie kama mimi huimba vizuri ama Mzee ananidanganya."

Wakuu, sikuharakisha. Nawaambia ukweli. Kazi ya miezi miwili niliivuta ikawa ya mwaka. Niliranda mbao zilizokwisha kurandwa. Nilibandua gundi iliyoshika vizuri. Nilijua spika ikiisha, hatakuwa na sababu ya kupitia kwangu.

Neno lenyewe nililotaka kumwambia, sikumwambia. Kila Ijumaa nilikuwa nalo tayari. Jumamosi nilizungumza juu ya podo.

Halafu Emergency, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, ikafika huku kwetu. Jumamosi moja hakuja. Nikafikiri ni mvua. Jumamosi iliyofuata akaja rafiki yake wa kwaya, msichana wa Kinandi anaitwa Rael, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Malori yalikuja shambani," akasema. "Wakikuyu wote wamerudishwa Central. Walipewa muda wa kufunga blanketi tu."

"Wapi huko Central?"

"Hata wenyewe hawakuambiwa."

Nilirudi nikashika randa. Sikumbuki nilifanya nini mpaka jioni.

Spika ikaisha ndani ya wiki mbili.

Ilikuwa kubwa kuliko mimi, mdomo wake unaweza kumeza ndama. Tuliifunga kwa amplifaya, na Mzee Pritam bila kuniuliza akaweka tape ya Wambui. Wimbo wenyewe ulikuwa wa Kikuyu, wa kina mama wakipalilia, sikuelewa neno hata moja.

Ikalia. Kubwa, safi. Lakini hakuwa yeye. Ilikuwa kama mtu anaimba amejifunika shuka.

"Ni yeye," Mzee akasema.

"Si yeye."

Aliniangalia kwa muda. Nadhani ndipo alielewa. Akasema tu, "Basi tunapima."

Vijana, nyinyi mna app. Sisi tulipima hivi. Huwezi kupima ndani kwa sababu kuta nazo zinaimba. Tulipakia spika kwa lori, tukaenda upande wa Chepkoilel, hapo leo kuna university, wakati huo ilikuwa ngano tupu. Kulikuwa kumevunwa. Mzungu mwenye shamba alikuwa mteja wa redio na alituruhusu.

Tulichimba shimo, tukailaza spika chali ndani, mdomo uangalie mbinguni. Juu yake tukatundika mic kwenye mlingoti mrefu. Mzee alikuwa na mashine inayotoa mlio mmoja mmoja, kutoka mzito mpaka mwembamba. Yeye anazungusha kisahani, mimi nasoma mshale wa mita na kuweka alama kwa karatasi ya miraba.

Upepo wa hapa mnaujua. Kila ukivuma, mshale unaruka. Tulisubiri utulie, tukapima, tukasubiri tena.

Katikati ya hiyo kazi ikaja landrover. Akashuka ofisa mzungu na askari wawili wenye bunduki. Mhindi, mwafrika, shimo, na waya nyingi, wakati wa Emergency. Niliona siku yangu imefika.

"Mnazika nini hapa?" ofisa akauliza kwa Kiswahili chake.

"Hapana zika," Mzee Pritam akajibu. "Napima."

Akaamriwa aiwashe. Mlio ukatoka ardhini, mrefu, mmoja tu. Askari mmoja akaruka nyuma. Yule ofisa akainama juu ya shimo, akasikiliza mpaka mlio ukaisha, akatikisa kichwa, wakaenda. Nilikaa chini.

Tulimaliza kuchora. Mstari ulikuwa unaenda vizuri kama barabara, halafu katikati unatumbukia kwenye bonde, halafu unapanda tena. Mzee akaweka kidole ndani ya lile bonde, akajaribu kuuimba ule mlio kwa mdomo wake mwenyewe.

Ulikuwa pale pale sauti ya Wambui ilipenda kukaa akiimba.

Wiki mbili nilitafuta sababu. Nilipata kwa kugonga ile horn kwa ngumi, ubao baada ya ubao. Mbao mbili za ubavuni zilikuwa nyembamba, kwa sababu ya kuranda kwangu kusikoisha. Zikifikiwa na ule mlio, zinatetemeka na kuunywa. Nilikuwa nimezimaliza mbao nikingojea Jumamosi.

Nikajenga ukuta wa pili nje, nikaacha nafasi katikati, nikajaza mchanga mkavu wa mtoni. Ubao wenye mchanga hauwezi kutetemeka. Tukarudi shambani, tukapima. Bonde lilikuwa limejaa.

Mzee akaweka tape. Akatoka nje kunywa chai, akaniacha peke yangu.

Nilimsikia Wambui akivuta pumzi kabla ya kuanza. Nilisikia mahali anatabasamu katikati ya neno, maana sauti ya mtu anayetabasamu hubadilika. Alikuwa amesimama mbele yangu, hatua tatu hivi. Nilinyoosha mkono, wakuu. Sioni haya kusema.

Miaka ikaenda. Nilioa, mke mzuri, tukazaa watano, Mungu amlaze pema. Mzee Pritam alipohama nchi aliniachia spika, mashine na ile tape. Nilikuwa naicheza mara moja kwa mwaka, si zaidi, niliogopa itaisha.

Miaka michache baada ya uhuru, mama mmoja akaingia karakana kuagiza meza. Akachukua kipande cha mbao, akakinusa.

Alikuwa amerudi na mume na watoto, wamepata shamba upande wa Cheptiret. Tulisalimiana kama watu wazima. Nikamwonyesha spika. Nikamwekea tape.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Huyu msichana hakuwa anajua kitu," akasema. Kisha akauliza, "Lakini fundi, kwa nini uliijenga kubwa hivi?"

"Ili nikusikie."

Akapapasa mdomo wa spika.

"Mwaka mzima nilikuwa hapo mlangoni," akasema. "Mimi sikuwa nakuja kuona mbao."

Nikaitoa ile tape kwenye mashine.

Nikampa. Aliifunga kwa kitambaa, akaiweka ndani ya kiondo chini ya sukuma wiki. Hakuwa na mashine ya kuichezea, na hakuuliza itachezwaje. Meza yake nilimpelekea mwenyewe wiki iliyofuata. Mume wake alinikaribisha chai. Mtu mwema.

Sijaisikia ile sauti tena.

Funzo langu ni dogo. Pima spika yako nje, jaza mbao mchanga, usiamini masikio yaliyozoea. Lakini kama kuna mtu unamngoja Jumamosi, mwambie Jumamosi hiyo hiyo. Mimi nilitumia mwaka na lori la mbao kukwepa neno moja.

Wenye maswali ya horn ulizeni, nitajibu polepole. Na wale mliopoteza sauti ya mtu, mniambie: nyinyi huanza kusahau nini kwanza, maneno ama ile pumzi ya kabla ya maneno?