Pikapu Isiyo na Klachi

Pikapu ya marehemu mume wangu iliondoka uani kwangu nikiwa katika eda. Nilikuwa chumbani, mlango umerudishiwa, nikasikia sauti ya shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akiwaambia wanaume wasukume. Pikapu ile stata ilikuwa imekufa zamani. Waliisukuma hadi barabarani, ikakohoa, ikawaka, ikaenda zake. Mwanamke wa eda hatoki nje kugombana na wanaume, naye alilijua hilo vizuri, ndiyo maana hakungoja nimalize.

Kwa wazee wa familia alikuwa na maneno yake tayari. Mimi mguu wa kushoto haukunjiki. Nilianguka kutoka juu ya mzigo, goti likaungwa hospitalini likabaki limenyooka kama mchi. "Klachi ataikanyaga na nini?" aliwauliza, na wazee wakacheka, wakaona amesema neno la maana. Hakuna aliyeuliza watoto wangu watakula nini. Pikapu ile ndiyo iliyokuwa shamba letu. Mimi na mume wangu tulikuwa tukipeleka chumvi, sabuni na sufuria kwa wachimbaji wa dhahabu kule Geita, na tukirudi Shinyanga na dagaa wa ziwani.

Eda ilipokwisha nilimezea, nikaenda kuomba lifti kwenye gari langu mwenyewe. Akakubali, tena kwa tabasamu. Tulipofika Salawe mvua ikaanza kunyesha. Nikashuka kutoka kule nyuma kwenye mizigo, nikachechemea hadi mlangoni, nikamwomba nikae mbele. Kwenye kiti cha mbele, kiti nilichokikalia miaka yote ya ndoa yangu, alikuwa ameweka gunia la chumvi.

"Chumvi ikilowa inayeyuka, shemeji," alisema. "Wewe huyeyuki."

Abiria wenzangu wakaangua kicheko. Nikarudi nyuma, wakanivuta mikono nikapanda, nikanyeshewa hadi Nyang'hwale. Sikulia. Nilikuwa nalirudia lile neno kichwani, neno kwa neno, nisije nikalisahau.

Homa niliyoipata safari ile ndiyo iliyonirudisha hospitali ya Kolandoto, na goti nalo likawa limevimba. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kizungu aliyekuja mara kwa mara kuwatembelea wagonjwa. Gari lake lilikuwa na pedali mbili tu, ya mafuta na ya breki. Gia zilijibadilisha zenyewe. Nilipoliona nilisahau kumwamkia. Nilimweleza kwamba niliwahi kuendesha kabla sijavunjika, naye akacheka, akanipa usukani pale uwanjani. Mguu wa kushoto nikaunyoosha pembeni, ukakaa kimya kama mgeni mwenye adabu. Nilizunguka uwanja ule machozi yananitoka.

Bibi yule alinifundisha mengi ndani ya siku chache. La kwanza, gari la namna hiyo haliwaki kwa kusukumwa, hata ukileta kijiji kizima, kwa kuwa magurudumu hayawezi kuizungusha injini. Lazima betri. La pili, ukitaka kulinunua likiwa limetumika, chomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi uinuse. Ikiwa nyekundu na safi, nunua. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, kimbia.

Niliuza cherehani. Niliuza bangili zangu za arusi. Nilibakiza sufuria za kupikia na magodoro ya watoto. Ningekosea kuchagua, hapakuwa na kitu kingine cha kuuza, na ningemaliza maisha yangu nikiomba lifti kwa shemeji.

Gari nililolitaka lilikuwa gumu kupatikana. Nilitaka la kuvuta kwa magurudumu yote manne, maana kati ya Salawe na Nyang'hwale kuna mbuga, ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unageuka gundi. Nilitaka hilo hilo linipeleke sokoni kila asubuhi na hospitali nikiugua, bila kunywa mafuta kama ng'ombe wa kiangazi. Na nilitaka lisiwe na klachi. Mafundi wa mjini waliniambia gari hilo halijazaliwa. Kisha nikasikia kwamba mkandarasi mmoja wa barabara, kambi yake ipo jirani na Mwadui, amemaliza kazi na anauza pikapu mbili za namna hiyo. Anayetoa zaidi anachukua.

Nilifika kambini asubuhi na mapema. Moja ilikuwa nyeupe, imeoshwa, viti vina vitambaa. Nyingine ilikuwa ya rangi ya khaki, imebonyea ubavuni, taa moja imefungwa kwa waya. Betri ilikuwa moja kwa magari yote mawili. Nilimwomba mlinzi aiweke kwenye ile ya khaki kwanza. Ufunguo ukageuka, injini ikaitika. Nikaweka gia, ikashika papo hapo bila kujivuta. Nikaiingiza kwenye mchanga wa korongo nyuma ya kambi, nikavuta kile kigingi cha magurudumu manne, ikapanda ukingo polepole, magurudumu ya mbele nayo yakichimba. Niliposhuka nikachomoa kijiti. Oili ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela.

Mlinzi akairudisha betri kwenye nyeupe, akaiwasha. Iliunguruma vizuri kabisa. Nikachomoa kijiti chake, nikanusa. Karanga zilizoungua. Nilipoweka gia ilifikiri kwanza, kisha ikashtuka kwa kishindo. Nikashuka, nikairudishia boneti, nikaiacha inaunguruma, nikaenda kukaa kivulini kwa furaha.

Hapo ndipo lilipoingia lori la abiria na akashuka shemeji yangu. Ile pikapu ya marehemu alikuwa ameshaiua kwa kubebesha mizigo kuliko uwezo wake, kwa hiyo naye alikuja kutafuta gari.

"Shemeji!" akasema. "Na wewe umekuja kununua? Utaendesha kwa mkongojo?"

"Nimekuja kuangalia tu," nikasema. Mtu huyu hakuwahi kutaka kitu mpaka akione mkononi mwangu. Ningeisogelea ile ya khaki, angeichukua, hata kama angeifanya banda la kuku.

Nikaiendea nyeupe. Nikaipapasa. Nikakaa kwenye kiti chake, nikalaza mkono juu ya usukani, nikavuta pumzi kama mtu aliyefika nyumbani. Yeye akawa ananiangalia kwa pembe ya jicho huku akienda kuipima ile ya khaki kwa kipimo tulichokijua wote miaka ile. Betri zilikuwa haba, na huku kwetu gari zuri ni lile linalowaka kwa kusukumwa mara moja. Mtu haulizi kingine. Akapanda, akaita wanaume aliokuja nao, wakasukuma. Ilibingirika kimya. Wakasukuma tena, mishipa imewatoka shingoni. Kimya. Wakaisukuma hadi lango la kambi na kuirudisha.

Shemeji akashuka, akapangusa mikono. "Hii maiti," akasema. "Itafutieni sanda."

Wakacheka sana. Mlinzi akanitazama mimi, mimi nikatazama chini. Ile nyeupe hakuisukuma, maana ilikuwa inaunguruma tangu alipofika, na injini inayounguruma ilimtosha.

Muuzaji alipotuita, nilitoa bei ya nyeupe. Akaongeza. Nikaongeza kidogo, kwa sauti ya mtu anayekamuliwa. Akaongeza tena, akasema akirudi atauza ng'ombe. Niliogopa kuendelea, nisije nikaachiwa gari bovu. Nikafuta macho kwa ncha ya kanga, na vumbi la Mwadui likanisaidia yakawa mekundu kweli.

"Pole, shemeji," akasema. "Mambo ya magari tuachie sisi."

Ile maiti hakuna aliyegombea. Niliichukua kwa bei iliyonibakizia pesa za kutafuta betri mpya. Waliponiona naiendesha kuingia Shinyanga, watu walisema nimepata bahati. Bahati gani! Nilikuwa nimeichagua kwa pua yangu na kwa kinyongo changu, na vyote viwili vilikuwa vizima.

Kiangazi kizima shemeji alipita mbele ya nyumba yangu akipiga honi. Nilikwenda sokoni, nilikwenda Kolandoto, nilikwenda Geita na kurudi, watoto wakala. Kila nilipoona wingu nilifurahi, na watu wakadhani nafurahia mavuno.

Mvua zilipokolea, siku moja alasiri nilikuwa natoka Geita na magunia machache ya dagaa. Kwenye ile mbuga kabla ya kufika Salawe nikaiona nyeupe imezama hadi kwenye ekseli. Wakulima walikuwa wameizunguka, wametapakaa tope hadi kwenye nyusi. Nikasimama pagumu.

"Mwadila, mayu," wakanisalimu kwa Kisukuma. Mmoja wao akasema, "Gari hii imetukataa. Tumeitoa kwenye tope tukaisukuma, haiwaki, imezama tena."

Shemeji alikuja kwangu viatu mkononi. Sijawahi kumwona mdogo vile. "Shemeji, Mungu amekuleta. Betri imekufa. Waambie wasukume kwa pamoja, hawa hawana nguvu."

"Hazisukumwi hizi," nikamwambia. "Isiyo na klachi haiwaki kwa kusukumwa hata siku moja."

Akanitazama. Mvua ilikuwa imeanza upya, matone makubwa.

"Kwani ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu kule Mwadui?"

"Tangu kule. Na gia boksi yako nayo imeungua. Nenda ukanuse."

Hakwenda kunusa. Tope lilikuwa limemshika miguu na mimi ndiye niliyekuwa na gari. Wale wakulima walikuwa wanatusikiliza. Niliwashukuru kwa niaba yake, kwa kuwa yeye hakukumbuka, nikawapa dagaa, wakaenda makwao.

Alizunguka hadi mlango wa kushoto, akaufungua. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu na kikavu. Kabla hajainua mguu nikauchukua mkongojo wangu uliokuwa nyuma ya kiti, nikaulaza pale, kutoka mwanzo hadi mwisho wa kiti.

"Mkongojo ukilowa unapinda, shemeji," nikasema. "Wewe hupindi."

Alisimama pale maji yanamchuruzika kidevuni, na nikaona usoni mwake lile neno linamrudia. Alilikumbuka. Hilo ndilo nililolitaka zaidi kuliko gari lenyewe. Akafunga mlango taratibu, akaenda nyuma, akapanda juu ya magunia ya dagaa.

Nikavuta kigingi cha magurudumu manne, tukatoka kwenye mbuga polepole, bila haraka, mguu wangu mbovu umenyooka na umetulia. Watu husema kisasi hakina ladha. Sijui wao walikionjea wapi. Mimi nilikisikia utamu hadi kwenye goti.

Tulipokaribia Shinyanga mvua ilikuwa imekatika na soko limejaa tena. Njia ya nyumbani kwake haipiti sokoni. Nikakata kona ya sokoni. Nyuma yangu akaanza kupiga bodi kwa kiganja, kama abiria anayeomba kushushwa, kwanza polepole, kisha kwa nguvu. Kwa mbele niliwaona wale wazee wa familia wamekaa barazani pale sokoni wanakunywa kahawa, mmoja wao ameshasimama kuangalia ni nani yule aliyelowa juu ya dagaa. Nikatoa mguu kwenye mafuta, gari likashuka lenyewe hadi mwendo wa mtu anayetembea, na kwa mwendo huo nikampitisha mbele yao.