Muuguzi Aliyenigusa kwa Kalamu

Juzi, katika zahanati ninakofanya kazi ya uuguzi hapa Bujumbura, nilimwona mwanafunzi wa mafunzo akimfunua mtoto shati kwa ncha ya kalamu. Nikamkumbuka muuguzi mmoja wa utotoni mwangu, na dharau yangu kwake ikarudi mbichi.

Mafuriko yalikuwa yametutoa nyumbani kwetu Gatumba. Miguu yangu ilijaa vidonda vya usaha. Mama akanipeleka kwa muuguzi, na chumba chake kilinuka dawa ya sakafu na marashi yake mwenyewe. Hakuinuka kitini. Aliinua gauni langu kwa kalamu, akakunja pua.

"We mama, mutoto anaoza hivi, hauna hata sabuni?"

"Sabuni iko, muganga. Ni ile maji iliingia mu nyumba," mama alijibu, na papo hapo pumzi zikaanza kumkatika.

"Wacha michezo," alisema yule bwana, akamsukumia kikopo cha dawa ya kupaka.

Nje, mama alijaribu kunipaka, lakini vidole vilimtetemeka hata kikopo kikaanguka. Nilidhani naye ananionea kinyaa. Nikakiokota, nikajipaka mwenyewe, nikamgeuzia mgongo.

Leo najua kwamba mama alikuwa mgonjwa. Hofu ya mafuriko ilikuwa haijamwachia, na hofu ya namna ile ina jina na ina tiba. Yule mpumbavu wa koti jeupe alikuwa na wagonjwa wawili mbele yake, na hakumwona hata mmoja.

Siku ile, njia nzima ya kurudi, mama alinifuata nyuma, akiniomba nimpe mkono. Sikumpa.