Moto wa Mama Mkwe

Kwetu mashariki ya Kongo, mwanaume hakai chumba kimoja na mama wa mke wake. Ni heshima, na mimi heshima ninayo hata ya kugawa. Lakini nyumba tuliyohamia huku ughaibuni, Penrith, ilikuwa na jiko moja tu la kuni, nalo lilikuwa sebuleni. Kisha korona ikatufungia ndani katikati ya baridi ya Julai, maana huku Julai ndiyo kipupwe kikali.

Ghala nililofanyia kazi kule Smithfield lilisimamisha zamu yangu. Mke wangu aliendelea kwenda kutunza wazee. Mchana tukabaki wawili: mimi sebuleni, mama mkwe chumbani kwake mwisho wa korido, chini ya mablanketi matatu. Alikuwa amemwambia binti yake kwamba mipaka ikifunguliwa tu, atarudi kambi ya wakimbizi alikotoka, kwenye jua. Niliumia. Miaka yote ile tulihangaikia karatasi za kumleta, halafu baridi itunyang'anye?

Nikaapa joto litamfuata hukohuko. Nilijaza kuni, nikafungua tundu lote la hewa la jiko, nikaacha mlango wa jiko wazi na kupepea kwa kifuniko cha ndoo, kama tunavyopepea jiko la makaa nyumbani. Moto ukanguruma. Nikavua shati kwa raha. Nikapaza sauti kumuuliza kama joto limefika. Akajibu kwamba zimefika kelele tu.

Nikaongeza magogo. Hapo akashindwa kuvumilia, akasema akiwa nyuma ya mlango wake:

"Mukwe, unachoma kuni ao unazitupa? Funga ile mlango ya jiko. Hewa, acha kidogo tu."

Nilikuwa nimesahau kwamba mama huyu alisomesha watoto sita kwa kuchoma makaa, akifukia magogo kwa udongo na kulinda tanuri siku nyingi lisilipuke. Nikafunga mlango, nikasukuma kishikio cha hewa karibu hadi mwisho. Akaniambia nisubiri: moto mkali unapanda na moshi, wa polepole unabaki na watu. Nikasubiri, mimi ambaye hata chai sijui kuisubiri. Kelele zikafa. Magogo yakaiva mekundu, na chuma kikaanza kutoa joto zito lililotambaa hadi koridoni. Nikavaa shati, nikalifuata mbiombio, nikamwomba afungue mlango.

Alitoka amejifunika kitenge mpaka usoni. Nikageukia ukuta upesi. Akavuta kiti mbele ya jiko akinipa mgongo, nami nikampa wangu, heshima ikasalimika. Nilifurahi hadi nikacheka peke yangu kama mwehu. Kuanzia hapo hakuniruhusu kugusa kitu. Kazi yangu ikawa kuleta kuni, moja moja, kama alivyoamuru.

Jioni mke wangu alirudi akamkuta mama yake amevua sweta. Kwa utani akamwambia aanze kufunga mizigo, mipaka haitakawia kufunguliwa. Mama hakugeuka. Alisogeza kishikio kidogo, akasikiliza moto.

"Na mimi nikienda," akasema, "huyu mukwe si atamaliza kuni zote siku moja?"