Mama Yake Bwana Kosta na Maharage

Harufu ya dawa ya kuoshea picha, kali kama siki, ndiyo inayonirudisha Uvira, kule Kongo, kiangazi kile baba aliporudi kutoka migodini na kuamua tupigwe picha ya familia. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini tayari mjanja kuliko wote mtaani kwetu. Sijivuni, waliobaki watakuambia. Studio ilikuwa ya Mgiriki mmoja, Bwana Kosta. Ukutani alitundika picha alizopiga mwenyewe katika mitaa ya kwao, kando ya Bahari ya Mediterania, zote nyeusi na nyeupe: wazee wakicheza karata nje ya mkahawa, nguo zimeanikwa juu ya njia kutoka dirisha hadi dirisha, paka kalala kwenye ngazi, na bibi mmoja aliyevaa nguo nyeusi tupu, ameketi mlangoni akichambua maharage, kitambaa kimemwenda upande. Nilishangaa. Kumbe wazungu nao huanika nguo na kuchambua maharage! Macho hayana pazia. Nilizitazama mpaka mama akanivuta sikio.

Kwetu picha ilikuwa heshima. Unaoga, unavaa nguo ya Jumapili, unasimama wima, wala hucheki. Basi mama alipoambiwa kwamba yule bibi ndiye mama mzazi wa Bwana Kosta, alikunja uso.

"Bwana Kosta, ulishindwa kumngoja mama yako avae?"

"Mama Shukuru," akajibu taratibu, "angevaa, ningepata picha ya mtu mwingine."

Akaomba aje kumpiga mama picha nyumbani, vile vile alivyo jikoni. Mama akakataa katakata. Tukapigwa ile ya heshima.

Picha hiyo ilivuka vita na kambi ndani ya shati langu. Leo mama hayupo, nayo imetundikwa sebuleni kwangu hapa Champlin, Marekani, katika nyumba niliyoinunua kwa jasho langu, mimi niliyeishia darasa la nne, mwenye malori yanayojulikana mpaka mji wa jirani, Anoka. Binti yangu Neema aliniuliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini bibi amekasirika. Nikamweleza kwamba mama alikuwa mcheshi, kwamba akichambua maharage aliimba na kunirushia mabovu kichwani. Akaitazama picha, akanitazama mimi. Hakuamini. Nami ninayeweza kununua kamera yoyote mjini sikuwa na cha kumwonyesha.

Jumamosi iliyofuata theluji ilikuwa ikianguka. Mke wangu alikuwa jikoni na sinia la maharage, kilemba kimemwenda upande, akicheka peke yake. Nikainua simu, nikaiweka kwenye nyeusi na nyeupe.

"Baba Neema, ngoja kwanza nivae," akasema, mkono tayari uko kichwani.

Sikungoja.