Siku Mama Alipoongeza Mafuta

Gari letu lina kitanda, sinki na mapazia ya maua, na halina hata kitu kimoja kinachofanya kazi bila kubembelezwa. Mzungu aliyekuwa akizunguka Afrika nalo alifika Bunia, akachoka, akamwachia mume wangu karibu bure, akapanda ndege. Mume wangu ni muuguzi. Anajua kuunga mifupa, basi akaamini kwamba injini nayo ni mgonjwa kama wagonjwa wengine. Kiwanja chetu cha mtaa wa Bigo kikageuka hospitali. Bomba la moshi lilipopasuka alilifunga bandeji, kweli bandeji, akalipaka plasta ya mifupa, na tulipowasha gari mtaa mzima ukanuka chumba cha upasuaji kinachoungua. Nilisema mimi humo sipandi ng'o. Nilipanda, bila shaka.

Mdogo wangu anayekaa Marabo, nje ya mji, alikuwa amepata mtoto, baada ya kungoja mpaka watu wakachoka hata kumsengenya. Mama ndiye aliyepaswa kumbeba mtoto huyo mpaka kwenye maji ya ubatizo, na padri huko hupita kwa nadra. Akipita hasubiri mtu. Jumapili ya ubatizo asubuhi tulikwenda mtaa wa Saio kumchukua Mama, na pale pale mbele ya mlango wake ukakatika waya unaotoka kwenye pedali ya mafuta kwenda kwenye injini. Pikipiki Mama hapandi. Alianguka nayo mara moja, akaapa.

Macho ya mume wangu yaling'aa. Injini ya gari hili iko nyuma, chini ya kitanda. Akafungua kifuniko, akachukua kamba ya Mama ya kuanikia nguo, akaifunga kwenye kile kidude kinachoingiza mafuta. Ukivuta kamba, injini inanguruma, ukiachilia, inatulia. Kilichobaki ni mtu wa kukaa nyuma na kuvuta. Mimi sikuweza, kwa sababu kazi yangu ni kukaa mbele na kuishika gia ya tatu kwa mikono miwili isiruke. Akabaki Mama.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, wala hawaambiani neno moja kwa moja. Neno hupita kwa mtu wa katikati, na tangu niolewe mtu huyo ni mimi. Kitanda anacholalia mkwe wake, Mama hawezi hata kukigusa. Kwa hiyo alikuja na kigoda chake, tukakifunga kwenye mguu wa sinki, akakaa nyuma ya pazia na kuipokea kamba kama mtu anayekabidhiwa mbuzi wa mahari.

“Ambia mama avute polepole,” mume wangu alisema, macho mbele.

“Mama, vuta polepole.”

“Muambie niko navuta polepole,” Mama alijibu, na gari likaruka kama panya aliyemwagiwa maji ya moto.

Ndivyo tulivyotoka mjini. Neno la kuongeza lilimfikia Mama tulipokwisha kupanda kilima, na neno la kupunguza lilimkuta tumo shimoni tayari. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alichungulia dirishani, akamwona mwanamke mzee mwenye kitenge kipya cha kanisani, kashika kamba.

“Mama, uko nafanya nini?”

“Niko naendesha,” Mama alimwambia.

Askari alituinulia mti bila swali lingine. Mimi kicheko kilinishika tangu hapo, kikakataa kutoka. Mdogo wangu alipopiga simu kusema padri amekwisha vaa, alichosikia kwangu ni mlio wa kuku.

Mlima wa mwisho kabla ya Marabo ulikuwa tope tupu. Katikati ya mlima injini ikaanza kukata tamaa.

“Ambia mama avute.”

Nilifungua mdomo, kikatoka kicheko. Machozi yalinitiririka, mbavu ziliniuma, gia nimeikumbatia.

“Ambia mama.”

Gari likasimama, likafikiri kidogo, likaanza kurudi nyuma kuelekea korongoni. Mume wangu alikanyaga breki, nazo zikateleza pamoja nasi. Akanitazama mimi, akalitazama pazia.

“Mama,” alisema mwenyewe. “Vuta yote.”

Kicheko changu kikakatika. Nyuma ya pazia kigoda kikalia.

“Niko navuta, mutoto yangu,” Mama alisema. “Weye angalia barabara.”

Injini ikapiga kelele, tope likaruka mpaka juu ya kioo, nasi tukapanda. Baada ya hapo hawakunihitaji tena. “Punguza, mama.” “Nimepunguza.” “Shimo inakuja.” “Iache ikuje.” Nilikaa na gia yangu ya tatu, nikiona wivu waziwazi.

Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa kanisa na mtoto wake mweupe pepepe kwa nguo za ubatizo, ndani wakiimba wimbo wa kuingia. Nilikimbia na kiatu kimoja nikafungua mlango wa nyuma.

“Mama, tumefika. Achilia kamba.”

Hakuachilia. Kamba ilikuwa imemchora viganja, na mikono ilikuwa myeusi kwa grisi.

“Weye hauendeshi,” alisema. “Yeye hajasema.”

Mume wangu alizima injini, akaja hadi mlangoni, macho yake chini kama inavyotakiwa.

“Tumefika, mama. Achilia.”

Ndipo akaachilia. Alishuka, akampokea mtoto kwa mikono ile ile myeusi, na mdogo wangu akaitazama nguo nyeupe ikipata alama za vidole. Kwenye kizingiti Mama aligeuka, akamtafuta mkwe wake kwa macho.

“Kuja,” alimwambia. “Mutoto tumemufikia pamoja.”

Wakaingia wao mbele, nami nikabaki nikitafuta kiatu changu chini ya kiti.